Kibodi Moja, Kompyuta Nyingi: Historia ya Swichi ya KVM

Swichi ya KVM ni kisanduku kinachomwezesha mtu mmoja kutumia kompyuta kadhaa kwa kibodi moja, skrini moja na kipanya kimoja. Ukiitazama kwa nje, kazi yake ni kuhamisha waya: kitufe kinabonyezwa, na kompyuta ya pili inachukua nafasi ya ile ya kwanza. Ndani yake, kazi kubwa ni udanganyifu. Kompyuta haikuundwa ivumilie kunyang'anywa kibodi au skrini ikiwa kazini, kwa hiyo zile ambazo hazitazamwi kwa wakati huo hazina budi kuaminishwa kwamba vifaa vyao bado vipo. Jinsi udanganyifu huo ulivyofanywa ndiyo sehemu kubwa ya historia ya kifaa hiki, na ndiyo hasa inayotenganisha swichi nzuri na mbaya.

Haja yenyewe ilichelewa kujitokeza. Katika miaka ya 1960 tatizo lilikuwa kinyume chake: kompyuta moja, watu wengi. Mfumo wa CTSS, ulioonyeshwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1961, uligawa muda wa mashine moja kwa watumiaji kadhaa, kila mmoja akiwa mbele ya taipu yake. Zilifuata Teletype Model 33 ya mwaka 1963, na baadaye vituo vya kazi vyenye skrini, ambavyo maarufu zaidi kilikuwa VT100 cha kampuni ya DEC cha mwaka 1978. Vituo hivyo viliungana na kompyuta kwa nyaya chache zilizopitisha herufi moja baada ya nyingine. Kukihamisha kituo kutoka kompyuta hii hadi ile kulitaka kugeuza nyaya hizo tu, na kompyuta kwa kawaida haikujali kama upande wa pili kuna mtu au hakuna.

Hali ilibadilika Agosti 1981, IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi. Sasa kila mashine ilikuja na kibodi yake na skrini yake, tena picha haikusafiri kama herufi bali kama mawimbi yaliyotoka moja kwa moja kwenye kadi ya picha. Ofisi zilizokuwa na mashine mbili au tatu katika chumba kimoja zilikuwa tayari na visanduku vya chuma vyenye kitasa cha kuzungusha, vilivyoandikwa A, B, C na D, vilivyotumika kugawana printa moja. Watengenezaji wakaongeza visanduku vya aina hiyo kwa ajili ya kibodi na skrini. Havikuwa na akili yoyote ndani: kitasa kilikata mguso huu na kuunga ule.

Kwa printa vilitosha. Kwa kibodi vilileta balaa. Migusano ya chuma ilichakaa na kushika kutu, herufi zikapotea na picha ikajaa vivuli. Baada ya IBM kutoa mfululizo wa PS/2 mwaka 1987, wenye soketi ndogo ya duara ya pini 6 ambayo dunia nzima iliiga, hatari iliongezeka, kwa sababu soketi hiyo haikukusudiwa kuchomolewa na kuchomekwa umeme ukiwa umewaka. Kuichezea kuliweza kuunguza fyuzi iliyochomelewa kwenye ubao mama, na kompyuta nzima ikaishia mezani kwa fundi.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa wakati wa kuwasha. Kompyuta za ukoo wa IBM hujikagua kabla ya kupakia programu yoyote, na kibodi ni mojawapo ya vitu vinavyokaguliwa. Kibodi nzima hujibu kwa namba maalumu kwamba iko salama. Ikiwa kitasa kimeelekezwa kwa jirani, jibu halifiki. Mashine nyingi zilisimama hapo na kuandika kwamba kibodi haipo, kisha zikamtaka mtumiaji abonyeze F1 ili ziendelee, agizo ambalo limewachekesha mafundi kwa miaka mingi. Kwenye dawati hiyo ilikuwa kero ndogo. Kwenye seva ilikuwa jambo zito: umeme ukikatika usiku na kurudi, seva kumi zinawaka, moja inaendelea na kazi, tisa zinasubiri kidole.

Hapo ndipo swichi ya kielektroniki ilipochukua nafasi ya kitasa. Ndani yake kulikuwa na chipu ndogo kwa kila njia, na kila chipu ilijifanya kibodi na kipanya. Kompyuta ikiuliza, chipu inajibu. Kompyuta ikiagiza taa ya herufi kubwa iwashwe, chipu inaweka agizo hilo kwenye kumbukumbu na kulitimiza pale mtumiaji atakapoirudia mashine hiyo. Kubadilisha njia kukawa kwa vitufe vya kibodi yenyewe, mara nyingi kwa kubonyeza Scroll Lock mara mbili na namba ya kompyuta, kwa kuwa kitufe hicho kilikuwa karibu hakina kazi nyingine. Jina la KVM, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza ya kibodi, picha na kipanya, linahesabiwa kuwa la Remigius Shatas, mwanzilishi wa kampuni ya Cybex ya Huntsville, Alabama, aliyelianzisha mwaka 1995.

Udanganyifu una gharama yake: anayeiga lazima ajue kila kinachofanywa na anayeigwa. Mwaka 1996 Microsoft ilitoa kipanya cha IntelliMouse chenye gurudumu. Kipanya cha zamani kilituma baiti tatu kila kilipotikiswa. Hiki kilituma nne, lakini baada tu ya kompyuta kukiuliza kwa mfuatano maalumu wa maagizo. Swichi iliyoundwa kabla ya hapo haikuyaelewa maagizo hayo. Gurudumu lilikufa, au baya zaidi, kompyuta ilisubiri baiti nne huku swichi ikituma tatu, na mshale ukaruka kila kona ya skrini na kufungua vitu ambavyo hakuna aliyevigusa. Wanunuzi wengi wa miaka hiyo walijifunza kuuliza swali moja kabla ya bei: je, programu iliyo ndani ya swichi inaweza kusasishwa? Lilikuwa swali sahihi, na bado ni sahihi.

Vyumba vyenye mashine za makampuni mbalimbali vilikuwa na ugumu zaidi. Kompyuta za Sun zilitumia soketi na kibodi zao wenyewe, na zilikuwa na tabia ya kushangaza: kibodi ikichomolewa mashine ikiwa kazini, zilichukulia kwamba zimeamriwa kusimama, zikaacha kazi zote na kungoja maelekezo. Swichi duni iliyopoteza umeme kwa sekunde moja iliweza kusimamisha seva zote za Sun zilizoungwa nayo. Kwa mazingira hayo, kununua swichi ya bei rahisi kulikuwa kununua hasara.

Picha nayo ilikuwa na masharti yake. Kiwango cha VGA, kilichokuja na PS/2 mwaka 1987, kilipitisha rangi tatu kama mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka. Kwa nukta 640 kwa 480 kasi ya mawimbi hayo ilikuwa takriban megahezi 25, na karibu swichi yoyote iliimudu. Kwa nukta 1280 kwa 1024, zilizokuja kuwa za kawaida baadaye, kasi ilifika megahezi 108. Swichi na kebo zilizofaa mwanzo zilianza kutoa maandishi yenye kivuli upande wa kulia. Watu wengi walilaumu skrini, wakabadilisha skrini, kivuli kikabaki.

Mwaka 1994 shirika la viwango la VESA lilitoa utaratibu wa skrini kujitambulisha: kumbukumbu ndogo ya baiti 128 ndani ya skrini, iitwayo EDID, inayoieleza kompyuta ukubwa na uwezo wa skrini hiyo. Ulikuwa msaada mkubwa kwa mnunuzi wa skrini na mzigo mpya kwa mtengenezaji wa swichi. Kompyuta iliyowashwa wakati skrini iko kwa jirani haikupata jibu, ikachagua picha ya kiwango cha chini. Swichi ikalazimika kudanganya kwa niaba ya skrini pia, ikinakili baiti zile na kuzionyesha kwenye kila njia. Swichi zisizofanya hivyo bado zinauzwa.

Biashara ilistawi katika vyumba vya seva. Rafu ya kawaida ya inchi 19 hupimwa kwa vipande vya milimita 44.45, na rafu yenye vipande 42 iliweza kubeba seva nyingi nyembamba. Skrini za kioo kinene, zenye joto na uzito, zisingepata pa kukaa hata zingekuwa za bure. Swichi ya njia nane iliyofungiwa swichi nyingine nane ilihudumia kompyuta 64. Raritan, iliyoanzishwa New Jersey mwaka 1985, na ATEN ya Taiwani, iliyoanza mwaka 1979, zilijenga majina yao humo. Mwaka 2000 Cybex iliungana na mshindani wake Apex wa jimbo la Washington, wakazaa Avocent, ambayo Emerson iliinunua mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 1.2.

Hatua iliyofuata ilimtoa fundi chumbani kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilienea swichi zilizoigeuza picha kuwa data, zikaibana na kuipeleka kwa mtandao wa kawaida. Fundi aliweza kuiona seva ikijiwasha akiwa mji mwingine. Kasoro iliyowasumbua wengi ilikuwa mishale miwili: wa kompyuta ya fundi na wa seva, ambao haukuenda sambamba kwa sababu seva iliongeza kasi ya kipanya kwa hesabu zake yenyewe. Lakini mshindani wa kweli alitoka ndani ya seva. Kanuni za IPMI, za kusimamia seva kwa mbali, zilitangazwa mwaka 1998, na kuanzia mwaka 2002 seva za ProLiant zilikuja na chipu ya iLO, kompyuta ndogo ndani ya kompyuta, inayotoa picha na kupokea vitufe kwa mtandao bila kisanduku cha nje. Swichi ikaanza kurudi madawatini.

Ilikuta USB, iliyotolewa mwaka 1996, imeshika nafasi ya soketi za duara. USB inaruhusu kuchomoa na kuchomeka wakati wowote, hivyo hatari ya fyuzi ikaisha. Ila kila kifaa kikichomekwa, kompyuta hukipa anwani, hukisoma sifa na kukitafutia programu yake, na hilo huchukua sekunde. Swichi rahisi huchomoa na kuchomeka upya kila inapobadilisha. Mtumiaji husubiri, na vitufe vya kwanza hupotea. Swichi inayoiga kibodi ya kawaida hubadilisha papo hapo, lakini vitufe vya ziada vya kibodi ya kisasa na kasi maalumu ya kipanya hutoweka. Za bei ya juu husoma sifa kamili za kifaa halisi na kuziwasilisha kila upande. Kwa anayeandika na kusoma barua, ya kuiga inatosha kabisa. Kwa mhariri wa video au mchezaji wa michezo, haitoshi.

Picha za kisasa zimepandisha dau. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 hupitisha hadi gigabiti 18 kwa sekunde ili kufikisha picha ya 4K mara 60 kwa sekunde, na kebo ndefu au swichi dhaifu huonyesha giza la ghafla badala ya kivuli. DisplayPort huongeza usumbufu wake: skrini ikihamishwa, kompyuta huona imeondoka na kusukuma madirisha yote hadi skrini nyingine au kuyapunguza ukubwa. Dawa ni swichi inayoshikilia ishara ya uwepo wa skrini kwa kila njia, na huo ndio mstari wa kutafuta kwenye maelezo ya bidhaa kabla ya idadi ya soketi.

Wapo wasiohitaji kisanduku. Programu ya Synergy, iliyotoka mwaka 2001, hutuma mwendo wa kibodi na kipanya kwa mtandao kutoka kompyuta moja hadi nyingine, kila moja ikibaki na skrini yake. Ni nafuu na hufanya kazi vizuri, ila haianzi mpaka mfumo endeshi uwe umewaka, kwa hiyo haifai kwa mashine iliyokwama wakati wa kujikagua. Haifai pia mahali ambapo kompyuta mbili zimekatazwa kuunganishwa kwa mtandao wowote, kama katika ofisi za ulinzi za Marekani zenye mtandao wa siri na wa kawaida kwenye dawati moja. Huko hutumika swichi zilizokaguliwa kwa kanuni za usalama za kimataifa ziitwazo Common Criteria: saketi za kila njia zimetenganishwa, vitufe husafiri upande mmoja tu kutoka kibodi kwenda kompyuta, kumbukumbu hufutwa kila njia inapobadilishwa, na kubadilisha kwa vitufe vya kibodi kumezuiwa, isije programu moja ikaigiza mkono wa mtumiaji.