Itoh Hakuliona Ua Lake

Wiki hii nazungumzia ua. Wapo watakaosema kuwa mwandishi wa habari akifika kwenye maua, basi habari zimemwishia. Nawaomba mnistahimilie kidogo.

Ua lenyewe ni peoni. Huku kwetu pwani halistawi, kwani halichanui vizuri mpaka lipitiwe na miezi ya baridi kali. Wachina walitumia gome la mzizi wake kwa dawa, kisha wakalipenda kwa uzuri wake. Katika enzi ya watawala wa Tang, iliyoanza mwaka 618, lilikuwa ua la wakubwa. Mshairi Bai Juyi alilalamika kuwa fedha za shada moja zingelipa kodi ya nyumba kumi.

Leo peoni limo katika bustani za watu wa kawaida Ulaya, Japani na Marekani. Wakulima wake huonya: ukifukia macho ya mzizi zaidi ya sentimita 5, utavuna majani matupu. Ukipanda sawasawa, shina moja huweza kuchanua zaidi ya miaka 50.

Peoni ziko za aina mbili kubwa. Moja hunyauka na kurudi ardhini kila baridi. Nyingine ni kichaka chenye matawi magumu. Rangi ya manjano iliyokolea ilikuwa kwenye vichaka. Wataalamu wengi walijaribu kuchanganya aina hizo mbili, wakashindwa.

Mwaka 1948, Japani ikiwa bado haijapona majeraha ya vita, bwana mmoja aitwaye Toichi Itoh alifanikiwa. Alichukua chavua, yaani ule unga wa ua, ya kichaka cha manjano kilichotoka kitalu cha akina Lemoine, mjini Nancy, Ufaransa, akaipaka kwenye peoni nyeupe ya Kijapani. Mbegu zikaota. Lakini mche wa peoni hukaa miaka kadhaa kabla ya kutoa ua. Itoh alifariki mwaka 1956. Maua yakafunguka katika miaka ya 1960, ya manjano kama alivyotaka.

Mmarekani Louis Smirnow aliinunua miche hiyo, na mwaka 1974 minne ikaandikishwa rasmi. Jina la Itoh halikufutwa. Hadi leo kundi zima la peoni za namna hiyo huitwa Itoh, hata zilizozalishwa na wengine baadaye.

Wazee wetu walisema mvumilivu hula mbivu. Mimi nasema methali hiyo haitoshi. Itoh alivumilia, na mbivu hakuila. Tukimpima mtu kwa alichokula tu, Itoh alikufa mikono mitupu. Kila mwembe mkubwa tunaoketi kivulini mwake ulipandwa na mtu, na wengi wetu hatujui hata jina lake. Huko ugenini wameona haya kulisahau la Itoh. Sisi je, ya kwetu tunayauliza?