Mkate wa Al-Azhar

Watu wakizungumzia dola za Kiislamu hutaja makhalifa na vita. Mimi niliyekula vumbi la chaki maisha yangu yote huuliza kwanza: nani alimlisha mwalimu?

Jibu ni wakfu. Mtu alitoa shamba, duka au nyumba. Mali yenyewe haikuuzwa wala kurithiwa, na pato lake lilikwenda kwa kazi aliyoitaja. Msikiti wa Al-Azhar, Kairo, ulifunguliwa mwaka 972 na Wafatimi, waliokuwa Mashia. Salah al-Din alipowaondoa mwaka 1171, sala ya Ijumaa ilisimamishwa hapo hadi mwaka 1266, enzi za Baybars. Hata hivyo masomo hayakukoma kabisa. Baadaye wanafunzi walikaa katika riwaki, yaani mabweni, kila watu na wa kwao, wakigawiwa mikate ya wakfu. (Aliyewahi kuongoza shule ya bweni anajua uzito wa neno mkate.)

Mwanzoni mwa karne ya 19 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alitwaa mashamba mengi ya wakfu. Mwanahistoria al-Jabarti, ambaye wazee wake waliisimamia riwaki ya watu wa Uhabeshi na Zeila, aliyaona hayo akayaandika kwa uchungu. Tangu hapo masheikh walizidi kuitegemea hazina ya serikali.

Sheria ya mwaka 1961, enzi za Nasser, ilileta masomo ya udaktari na uhandisi, jambo jema. Lakini ilikikaza chuo mikononi mwa serikali. Mwaka 2012 wanazuoni wakuu walirudishiwa haki ya kumchagua Sheikh Mkuu. Fungu la fedha bado hutoka katika bajeti ya serikali.