Aspen Extreme

Aspen Extreme ni filamu ya Kimarekani iliyotolewa tarehe 22 Januari 1993. Iliandikwa na kuongozwa na Patrick Hasburgh, na mtayarishaji wake alikuwa Leonard Goldberg. Inasimulia habari za marafiki wawili kutoka jimbo la Michigan wanaohamia mji wa kitalii wa Aspen, katika jimbo la Colorado, ili kuwa walimu wa mchezo wa skii. Waigizaji wakuu ni Paul Gross, Peter Berg, Finola Hughes na Teri Polo.

Ilipotolewa, filamu hii haikupata mafanikio makubwa. Mapato yake katika majumba ya sinema ya Marekani yalikuwa dola milioni 8 hivi, na wahakiki wengi waliikosoa. Hata hivyo, kwa njia ya kanda za video na televisheni ilipata wapenzi wengi, hasa miongoni mwa watu wanaocheza skii na wanaofanya kazi katika miji ya milimani. Kwa sababu hiyo hutajwa mara nyingi kama mfano wa filamu ambayo maoni ya watazamaji wake yalikwenda mbali na maoni ya wahakiki.

Mahali pa hadithi

Aspen uko katika Milima ya Rocky, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ulianza kama kambi ya wachimbaji wa fedha mwaka 1879. Bei ya fedha ilipoanguka mwaka 1893, migodi ilifungwa na wakazi wengi wakahama. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mji ulifufuliwa na mfanyabiashara Walter Paepcke wa Chicago pamoja na mkewe Elizabeth, wakishirikiana na Friedl Pfeifer, mwalimu wa skii mzaliwa wa Austria. Lifti ya viti ya kupandisha watu mlimani ilianza kazi katika majira ya baridi ya 1946-1947, na mwaka 1950 mji huo ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya skii ya ubingwa wa dunia.

Leo kuna milima minne ya skii karibu na mji: Aspen Mountain, Aspen Highlands, Buttermilk na Snowmass. Bei za nyumba ni miongoni mwa zile za juu kabisa nchini Marekani. Matokeo yake ni kwamba wengi wanaouhudumia mji, wakiwemo wapishi, madereva, wasafishaji wa hoteli na walimu wa skii, hushindwa kununua nyumba huko. Wengine hukaa katika nyumba maalumu zilizotengwa kwa ajili ya wafanyakazi, na wengine husafiri kila siku kutoka miji ya chini bondeni. Tofauti hii kati ya wageni matajiri na wafanyakazi wao ndiyo msingi wa hadithi ya filamu.

Muhtasari wa hadithi

T.J. Burke (Paul Gross) ni kijana wa eneo la Detroit, mji wa viwanda vya magari. Anaichoka kazi ya kiwandani, anamshawishi rafiki yake Dexter Rutecki (Peter Berg), na wote wawili wanasafiri kwa gari hadi Aspen. Huko wanafanya majaribio ya kuajiriwa katika shule ya skii. T.J. ana kipaji kikubwa. Dexter ana bidii lakini uwezo wake ni mdogo, na anapata nafasi kwa msaada wa rafiki yake.

Tangu hapo njia zao zinaanza kuachana. T.J. anapendwa na wateja wenye fedha na kuingia katika jamii ya matajiri. Bryce Kellogg (Finola Hughes), mwanamke tajiri, anamchukua kuwa mpenzi wake. Wakati huohuo kuna Robin Hand (Teri Polo), mtangazaji wa redio ya mji, anayempenda T.J. kwa dhati. Dexter anabaki nyuma, anakosa fedha na heshima, na hatimaye anajiingiza katika mambo ya dawa za kulevya.

Marafiki hao wawili walikuwa na ndoto ya kushinda shindano la Powder 8. Katika shindano hili watu wawili huteremka pamoja kwenye theluji laini wakipishana kwa mpangilio, na alama za skii zao huchora mfululizo wa tarakimu 8 mlimani. Mmoja akikosea, mchoro wote huharibika. Kabla ndoto hiyo haijatimia, poromoko la theluji linawakumba na Dexter anakufa. T.J., ambaye kwa muda mrefu alitamani kuwa mwandishi, anaandika habari za rafiki yake, na maandishi hayo yanachapishwa katika gazeti la skii.

Waigizaji

- Paul Gross kama T.J. Burke
- Peter Berg kama Dexter Rutecki
- Finola Hughes kama Bryce Kellogg
- Teri Polo kama Robin Hand
- Martin Kemp kama Franz Hauser, mwalimu mwenzao na mpinzani wao
- William Russ kama Dave Ritchie

Utengenezaji

Patrick Hasburgh aliwahi kuwa mwalimu wa skii mjini Aspen kabla ya kuingia katika uandishi wa televisheni. Alijulikana zaidi kama mmoja wa waanzilishi wa tamthilia ya 21 Jump Street, iliyoanza kurushwa mwaka 1987. Kwa hiyo alipoandika Aspen Extreme alikuwa akiandika kuhusu kazi aliyoifanya mwenyewe.

Sehemu ya filamu ilipigwa Aspen, na baadhi ya picha za kuteleza kwenye theluji laini zilipigwa katika milima ya British Columbia, Kanada. Katika matukio magumu waigizaji waliwakilishwa na wanaskii mashuhuri, akiwemo Scot Schmidt, aliyekuwa miongoni mwa nyota wa filamu za skii za miaka ya 1980. Muziki ulitungwa na Michael Convertino.

Maoni ya wahakiki

Wahakiki wa mwaka 1993 walikuwa na malalamiko yanayofanana. Walisema hadithi inatabirika: kijana maskini mwenye kipaji, mwanamke tajiri anayemvuta, mwanamke mwema anayemsubiri, na rafiki ambaye kifo chake kinamzindua shujaa. Filamu ililinganishwa na Top Gun (1986), ikielezwa kuwa ni hadithi ileile iliyohamishwa kutoka ndege za kivita hadi kwenye theluji. Kwa kweli ulinganifu upo: katika filamu zote mbili shujaa ni stadi kupita wenzake, ana mpinzani mwenye majivuno, na anampoteza mwenzake wa karibu kabla ya mwisho.

Waliosifu walitaja zaidi picha za mlimani, na baadhi walivutiwa na uigizaji wa Peter Berg.

Maoni ya watazamaji

Maoni ya watazamaji wa kawaida yanaweza kugawanywa katika mambo manne.

Picha za skii

Hata watazamaji wasioipenda hadithi hukubali kwamba picha za skii ni nzuri. Zilipigwa kabla ya picha za kutengenezwa kwa kompyuta kuenea, hivyo anayeonekana akiruka kutoka kwenye jabali ni mtu aliyeruka kweli. Wanaojua mchezo huo hupenda pia kutazama skii ndefu na nyembamba pamoja na nguo za rangi kali za wakati ule. Miaka michache baadaye skii fupi zenye kiuno chembamba zilienea na kubadili namna ya kukata kona, kwa hiyo filamu imebaki kuwa kumbukumbu ya mtindo uliokwisha.

Ukweli kuhusu kazi ya ualimu wa skii

Hapa watazamaji wanagawanyika. Wapo wanaosema kwamba filamu inatia chumvi: walimu wengi hutumia siku zao kuwashika mikono watoto na watu wazima wanaoanguka kila baada ya mita chache, wala hawaalikwi kwenye sherehe za matajiri. Nchini Marekani walimu hupimwa kwa ngazi na chama cha Professional Ski Instructors of America, kilichoanzishwa mwaka 1961, na kupanda ngazi huchukua miaka ya mafunzo, si siku moja ya majaribio.

Wengine, hasa waliowahi kufanya kazi hiyo, husema kwamba chini ya chumvi kuna ukweli. Ada anayolipa mteja kwa somo la siku moja ni kubwa kuliko sehemu inayomfikia mwalimu, kwa hiyo bakshishi na wateja wanaorudi kila mwaka ni sehemu muhimu ya kipato chake. Mwalimu anayependwa na matajiri huishi vizuri, na asiyependwa hupata saa chache za kazi. Theluji ikichelewa kuanguka, wote hukaa bila kipato. Watazamaji hawa huona kwamba tofauti kati ya T.J. na Dexter inaonyesha jambo hilo vizuri: wawili walioanza kazi siku moja, na kufikia katikati ya majira ya baridi mmoja anakula karamuni na mwingine anatafuta fedha popote.

Wahusika wa kike

Watazamaji wa miaka ya karibuni hulaumu zaidi jinsi wanawake walivyochorwa. Bryce na Robin wanaonekana kama njia mbili ambazo T.J. anapaswa kuchagua moja, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye maisha yake yanafuatiliwa kwa undani. Wanaomtetea Hasburgh hujibu kwamba Bryce si mwovu tu, kwani anajua vizuri kwamba katika mji ule watu wanauziana fedha, ujana na umaarufu, naye hajifichi. Hata hivyo, lawama hii ni miongoni mwa zile ambazo hata mashabiki huikubali.

Kifo cha Dexter

Tukio la poromoko ndilo linalokumbukwa kuliko yote. Baadhi ya watazamaji huliona kama hila ya mwandishi ya kuwatoa machozi. Wanaoishi milimani hulitazama kwa namna nyingine, kwa sababu wengi wao wamewahi kumzika mtu aliyekufa hivyo. Colorado ndilo jimbo la Marekani lenye vifo vingi zaidi vya maporomoko ya theluji. Tarehe 31 Machi 1984, miaka tisa kabla ya filamu kutoka, askari watatu wa doria ya mlima walifariki katika poromoko la Highland Bowl, kwenye mlima wa Aspen Highlands.

Mambo kadhaa katika tukio la filamu yanalingana na yale yanayojulikana kitaalamu. Maporomoko mengi ya hatari hutokea kwenye miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, ambayo ndiyo pia hupendwa na wanaskii stadi. Tabaka zito la theluji mpya hulala juu ya tabaka dhaifu, na uzito wa mtu mmoja hutosha kulikata. Katika ajali nyingi zenye vifo, poromoko huanzishwa na mwathirika mwenyewe au mwenzake. Aliyefukiwa ana matumaini makubwa ya kuokolewa katika dakika 10 hadi 15 za mwanzo. Baada ya hapo matumaini hupungua haraka kwa kukosa hewa. Ndiyo maana wanaotoka nje ya maeneo yanayolindwa hushauriwa kubeba kifaa cha kutoa na kupokea mawimbi ya redio, fimbo ndefu ya kutafutia mtu chini ya theluji, na koleo, na kutokwenda peke yao. Kuna walimu na askari wa doria wanaoisifu filamu kwa sababu hii moja: inaonyesha kwamba ustadi wa kuteleza haumkingi mtu na mlima.

Nafasi yake kati ya filamu za skii

Filamu za kuigiza kuhusu skii si nyingi. Downhill Racer (1969), iliyoongozwa na Michael Ritchie na kuigizwa na Robert Redford, ilihusu mashindano ya kimataifa na ilipokewa vizuri na wahakiki. Hot Dog… The Movie (1984) na Ski Patrol (1990) zilikuwa vichekesho vilivyoegemea utani na sherehe. Aspen Extreme ilijaribu kukaa katikati: ina sherehe na majigambo ya kundi la pili, lakini inamalizia kwa msiba na swali la nani anaruhusiwa kuwa mwenyeji katika mji wa starehe. Watazamaji wanaoipenda husema kwamba mchanganyiko huo ndio uliowavuta. Wasioipenda husema kwamba ndio ulioiharibu.

Baada ya filamu

Paul Gross alipata umaarufu mkubwa kuanzia mwaka 1994 katika tamthilia ya Kikanada ya Due South. Peter Berg alikuja kuwa mwongozaji wa filamu kama Friday Night Lights (2004), Hancock (2008) na Lone Survivor (2013). Teri Polo aliigiza katika Meet the Parents (2000). Hasburgh aliirudia Aspen katika riwaya yake Aspen Pulp.

Mjini Aspen kwenyewe filamu hii huendelea kuonyeshwa na kutajwa. Bei za nyumba zimezidi kupanda tangu mwaka 1993, na suala la makazi ya wafanyakazi bado linajadiliwa. Vijana wanaofika kila mwaka mwanzoni mwa majira ya baridi kutafuta kazi za msimu hukutana na hali inayofanana na ile ya T.J. na Dexter, ila nafasi ya kupata pa kulala ni ndogo zaidi.

Tazama pia

- Aspen, Colorado
- Skii
- Poromoko la theluji
- Peter Berg
- Downhill Racer