Mfumo

Neno hili limezaliwa na "fuma", kazi ya nyuzi: mtande, nyuzi za urefu, umetandwa; mshindio, uzi wa upana, unapita katikati. Leo tunalisikia zaidi benki, karani anapotuambia mfumo umegoma.

Mwaka 2013, huko MIT, Marekani, mbunifu Neri Oxman na wenzake walilirudisha kwenye uzi. Mashine inayoongozwa na kompyuta ilitandaza nyuzi za hariri kwenye vipande 26 vya kuba waliyoijenga. Kisha viwavi wa hariri 6,500 wakaachiwa wamalizie. Viwavi hupenda giza na mahali nyuzi zilipobanana, hivyo mwanga ukaamua wapi pawe pazito, wapi pabaki wazi. Walipokosa pembe ya kujengea vifukofuko, walitandaza hariri bapa.

Je, viwavi walifuma? Nasema hapana. Hapakuwa na mtande wala mshindio. Walitema uzi, ukagandamana. Kufuma hakukuwapo, mfumo ulikuwapo. Mpambaji wa sebule anayebandika picha za majani ukutani na kuiita kazi yake ubunifu wa kibiolojia, kama huu wa viwavi, hana kufuma wala mfumo.