Nyumba ya Mark Twain kule Hartford

Jina la Mark Twain sisi Wacongo tungepaswa kulijua vizuri. Ni yeye aliyetoa, mwaka 1905, kijitabu ambamo Mfalme Leopold wa Pili anasema peke yake, anajitetea juu ya damu ya mpira na mikono iliyokatwa, na vile anavyojitetea ndivyo anavyojishitaki. Faida ilikwenda kwa chama kilichopigania watu wa Congo. Lakini leo nasema juu ya nyumba yake.

Ilijengwa mwaka 1874 katika mji wa Hartford, Marekani. Aliyeichora, Edward Tuckerman Potter, alizoea kuchora makanisa. Mtindo wake unaitwa wa Victoria, jina la malkia wa Uingereza wa wakati ule: paa zenye miinuko mikali, minara, baraza za mbao, matofali yaliyopangwa kama mapambo, mengine yamepakwa rangi nyekundu na nyeusi. Vyumba 25! Mwaka 1881 kampuni ya Louis Comfort Tiffany ikapamba kuta za ndani. Katika chumba cha kulia kuna dirisha juu ya meko yenyewe; bomba la moshi linapita pembeni, basi unaona theluji inaanguka juu ya moto. Orofa ya tatu kuna meza ya biliadi, ni kule alikokuwa anaandikia.

Watu wanasahau kwamba pesa nyingi zilitoka kwa mke wake Olivia, mtoto wa tajiri. Zake mwenyewe, bwana alizitupa katika mashine ya kupanga herufi ambayo haikufaulu. Mwaka 1891 wakahamia Ulaya kupunguza matumizi. Mwaka 1896 binti yao Susy, miaka 24, akafia mle nyumbani, baba na mama wako mbali. Hawakuweza kuishi humo tena. Mwaka 1903 wakaiuza.

Ikawa ya familia ya Bissell, kisha shule, kisha ikakatwa-katwa kuwa vyumba vya kupangisha. Ilikuwa karibu kubomolewa. (Kwetu mabati yangekuwa yametoka zamani.) Mwaka 1929 mama mmoja, Katharine Seymour Day, akakusanya watu wakainunua. Hawakuwa na pesa ya kuitengeneza, basi chini wakaweka maktaba ya mji, juu wakaacha wapangaji wanalipa kodi. Matengenezo yenyewe yalikuja pole pole, mpaka 1974, nyumba ilipotimiza miaka 100.