Wachumaji wasio na majina: kamera ilivyoingia Pemba

Mwenye kutafuta picha kongwe za Pemba hukutana na karafuu kabla ya kukutana na watu. Chanzo chake ni kimbunga cha mwaka 1872, kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama kwa sehemu kubwa. Tangu hapo utajiri wa Sultani ukawa unachumwa huku, na mgeni aliyeshuka na kamera hakutaka kuondoka bila picha ya mkarafuu.

Unguja kamera ilikuwa imekwishazoeleka. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyekuja na Speke kutafuta chanzo cha mto Nile, alipiga picha mjini Zanzibar. Baadaye Wagoa wakafungua studio, A. C. Gomes akiwa miongoni mwa wa mwanzo. Ranchhod Oza, aliyejifunza kazi kwa Gomes, akaanzisha Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akairithi. Aliyeingia studio alivaa alichotaka, joho na jambia akipenda, akakaa atakavyo, akalipa, akaondoka na picha yake. Kwa mtu wa Mkoani, huku Pemba, studio hizo zilikuwa ng'ambo ya bahari.

Huku kwetu mpiga picha ndiye aliyemfuata mtu, tena kazini kwake. Kapteni J. E. E. Craster, aliyekuja kupima ardhi ya kisiwa, alitoa kitabu chake kuhusu Pemba mwaka 1913. F. B. Pearce, Balozi Mkaazi wa Uingereza, akafuata mwaka 1920 na kitabu kinachoeleza magofu ya kale ya kisiwa hiki. Nawashukuru kwa walichokihifadhi. Lakini chukua kadi ya posta ya enzi hizo uitazame vizuri: wanawake wameketi mkekani wanachambua, makonyo huku, karafuu kule, mmoja amegeuza uso. Chini pameandikwa kazi na mahali. Jina la studio lipo. Ya wanawake hayapo, na sioni dalili kwamba kuna aliyewauliza.

Kamera ikishikwa na jirani, mambo hubadilika. Kule Lamu, Omar Said Bakor alijifundisha kazi hii mwenyewe, akawa na studio yake, Bakor Studio, na waliokaa mbele ya kamera yake walikuwa watu wa mji wake mwenyewe.

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar picha ikawa jambo la serikali. Mwaka 1966 mpiga picha mashuhuri wa Kenya, Mohamed Amin, alitiwa ndani Zanzibar kwa sababu ya kazi yake. Halafu vikaja vitambulisho: sheria ya mwaka 2005 ilileta kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na wapo wazee wa shamba ambao sura yao haipo kwenye karatasi nyingine yoyote ila ile ndogo, macho mbele, bila tabasamu.

Leo meli ikifunga gati Mkoani, simu huinuliwa kabla mizigo haijateremshwa. Hata hivyo kadi nyingi za harusi huomba simu zisiingie ukumbini kwa wanawake. Wapo wanaoliona ombi hilo kuwa ushamba. Mimi naliona kuwa haki: bibi harusi wa leo anaweza kukataa kupigwa picha, jambo ambalo wale wa mkekani hawakupewa nafasi ya kulifanya.

Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani, zina hazina kubwa ya picha, na Chake Chake tuna makumbusho ndani ya ngome kongwe. Naziomba taasisi hizi mbili zilete nakala za picha za Pemba hadi Mkoani, Kengeja na Wambaa, wazee wazitazame na kutaja nyuso na mashamba wanayoyatambua. Nawe msomaji mwenye picha za babu na bibi sandukuni, chukua penseli leo, andika nyuma yake majina, mahali na mwaka, wangali hai wanaowajua.