Mbuga ya Mikumi na Majirani Zake

Mtu akitoka Kilosa kwenda kusini hufika Mikumi, mji uliopata jina lake kwa mikumi, miti iitwayo pia mivumo. Karibu nao Serikali ilitenga mbuga ya wanyama mwaka 1964. Na mwaka 1975 mipaka ikasogezwa, hata eneo lake likawa kilometa za mraba 3,230.

Mgeni amtazamaye twiga hufurahi, nayo ni haki yake. Lakini mkulima wa jirani huuliza: tembo akila mahindi yangu, mimi napata nini? Swali hilo si utovu wa adabu.

Mwaka 1988 Shirika la Hifadhi za Taifa lilianza, kwanza upande wa Serengeti, desturi ya ujirani mwema, nayo ikaenea katika hifadhi nyingine. Wanakijiji hukaa barazani, huchagua kazi, kama darasa au zahanati, hutoa mchango wao wa mchanga, mawe na nguvu za mikono, nalo Shirika hutoa fedha. Nalipenda sharti hilo, maana mtu hakiachi kibomoke kitu alichokibebea mawe.

Ila darasa ni la wote, na shamba lililoliwa ni la mtu mmoja. Kwa ajili yake Serikali iliweka kanuni za kifuta jasho mwaka 2011. Malipo yalipimwa kwa umbali: shamba lililo mbali na mpaka wa hifadhi lilipewa zaidi, na lililo ndani ya meta 500 halikupewa kitu, ingawa ndilo tembo alifikialo kwanza.